Anne Frank House VR: Kiasi Kinachofaa cha Kugusa

Programu hii ya bure ya uhalisia pepe (VR), inayotazamwa kwa miwani maalumu na iliyotolewa mwaka 2018 na makumbusho ya Anne Frank ya Amsterdam, inamwingiza mtazamaji katika maficho ambamo watu 8, akiwemo Anne, msichana Myahudi aliyeandika shajara humo, waliishi wakijificha dhidi ya Wanazi hadi walipokamatwa Agosti 1944. Katika jengo lenyewe vyumba vimeachwa vitupu, kama alivyotaka Otto Frank, baba yake Anne. Ndani ya miwani, samani zimerudi mahali pake.

Kuna njia mbili: hadithi ya takriban dakika 25, inayokuongoza chumba hadi chumba, na ziara unayojitembelea mwenyewe. Nilianza na ziara, nikajikuta natafuta cha kushika badala ya kutazama, na ukimya wa vyumba ukanipita. Hadithi ndiyo iliyonigusa sana, kwa sababu kukosa uhuru wa kutoka nje kulikuwa sehemu ya maisha yale, na kama watengenezaji wangejaza droo za kuvuta na mafumbo ya kufumbua, janga hilo lingegeuka mchezo. Katika programu ya kufunzia mafundi ningedai mikono ifanye kila kitu. Hapa macho na masikio yanatosha. Ninachoomba kiongezwe ni masimulizi ya Kiswahili, kwa ajili ya wanafunzi wetu.