Kiboksi cha kuzima taa ya injini: dada wakati wa kununua, mama wakati wa kurudisha

Mara ya kwanza niliandika haya usiku uleule, nikayafuta asubuhi kwa sababu nusu yake yalikuwa matusi. Sasa nimetulia. Kiasi.

Kitu chenyewe ni kile kiboksi cheusi, ukubwa wa kiberiti, chenye nyaya nne, kinachouzwa kwa ajili ya taa ya injini inayogoma kuzimika kwa sababu ya sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa gari. Nilikinunua duka moja Kariakoo, shilingi 35,000. Muuzaji aliniambia 50,000, nikashusha, nikatoka pale nikijiona mjanja wa mji.

Gari ni Toyota IST. Taa iliwaka kabla ya masika, ikazoea kuwaka. Kile kifaa cha blututhi cha bei poa nilichokuwa nacho, cha kusoma namba za makosa ya injini, hakikuelewana nayo, kama kisivyoelewana na Toyota nyingi za miaka ile zilizotengenezwa kwa soko la Japani, kwa hiyo nikaenda kwa fundi mwenye mashine. Ikatoka namba ya kosa P0420. Fundi hata hakuinama kuchungulia. "Masega yamekufa hayo," yaani kile kifaa cha kwenye bomba la ekzosi kinachosafisha moshi. Hapohapo suluhisho akawa nalo: ayatoe, aweke bomba tupu, na mimi anikatie kitu kidogo. Wanaonunua masega wanazunguka gereji siku hizi kama wanunuzi wa chuma chakavu, maana ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Kwa hiyo ile huruma yake niliielewa. Nikamshukuru, nikaondoka na masega yangu.

Nikaona heri kiboksi. Nikichoka nacho nakitoa, gari inarudi ilivyokuwa.

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. "Dada, hiki ni sensa yoyote, gari yoyote. Unaunga tu, taa inazima." Nikauliza karatasi ya maelekezo iko wapi. Akacheka. Karatasi ya nini?

Sasa hilo neno "yoyote" ndilo lililonikosesha usingizi baadaye, kwa hiyo nisimame hapo kidogo. Gari kama yangu ina sensa mbili. Ya mbele, kabla ya masega, ndiyo inayoiambia kompyuta mafuta yazidishwe au yapunguzwe. Ya nyuma kazi yake kubwa ni kuchunguza kama masega yanafanya kazi: yakiwa mazima, umeme wake unatulia kwenye volti 0.6 au 0.7 hivi, ukianza kupanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9, kompyuta inasema masega yamechoka, P0420. Kiboksi kinachofanya ni kuutuliza huo mchezo kabla haujafika kwenye kompyuta. Basi. Ukikifunga sensa ya mbele umeiziba kompyuta masikio kwenye jambo la mafuta, na gari itakunywa au itakohoa. Na kijana wa watu anasema yoyote!

Mimi nimekulia katikati ya redio zilizofunguliwa. Marehemu baba alikuwa fundi redio Muheza, na kulehemu nilijua kabla sijajua kusonga ugali vizuri. Kwa hiyo kufunga nilifunga mwenyewe, Jumapili moja, mkeka chini ya gari. Sensa yangu ni ya Denso: nyaya mbili nyeusi ni za hita ya kuipasha moto sensa, nilizipima kwa mita nikapata omu kama 13, zikawa nzima; ya bluu ndiyo inayopeleka taarifa, nyeupe ni ya kurudisha. Hita sikuigusa. Nikaunga, nikakifunga kiboksi kwa utepe karibu na bomba, kwa sababu nyaya zake ni fupi na hazifiki mahali pengine popote penye akili.

Taa ikazima. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilimpigia hadi dada yangu Tanga kumwambia.

Kama wiki tatu baadaye, kwenye foleni ya Ubungo, jua la saa nane, ikawaka tena. Kupima: P0137. Yaani siyo masega tena, ni umeme wa sensa ya nyuma uko chini mno. Nilikuwa na lalamiko moja, sasa nina lalamiko jipya nililolilipia.

Nikarudi dukani. Nikamweleza yule kijana kwa upole, kwa sababu nilikuwa na upole wakati huo. Akakigeuza kiboksi mkononi, akanitazama, akauliza, "Alikufungia nani?"

"Nimefunga mwenyewe."

Akamgeukia mwenzake, wakatazamana vile. Halafu akanirudia: "Mama, umekiunguza. Hizi ni kazi za mafundi. Kamlete fundi wako tuongee naye."

Kamlete fundi wako. Nilisimama pale nikiwa na kiboksi mkononi na alama ya pasi ya kulehemu kidoleni. Na ona nilivyopandishwa cheo: siku ya kutoa hela nilikuwa dada, siku ya kudai nimekuwa mama. Nikamuuliza ndani mna nini. Akasema mna programu. Programu! Nikamwomba anirudishie hata nusu. Akaanza kumhudumia mteja mwingine, baba mmoja mwenye Noah, akimwambia, "Sensa yoyote, mzee wangu, gari yoyote."

Nilifika nyumbani, nikachukua kisu cha jikoni, nikakipasua. Gundi nyeusi ngumu, nikaichoma kidogo kwenye moto wa jiko, ikalainika. Ndani: rezista moja, kapasita moja. Mwisho wa programu. Rezista ina mistari kahawia, nyeusi, kijani, yaani megaomu moja; kapasita ni mikrofaradi moja. Na waya mmoja kati ya zile nne haukuungwa na kitu chochote. Umeingia kwenye gundi ukaishia humo, pambo.

Hapa ndipo nitajipinga mwenyewe. Kanuni yake ni sahihi. Rezista ile na kapasita ile kwa pamoja zinafanya umeme uchelewe kama sekunde moja kupanda au kushuka, na mchezo wa haraka unalainika. Mtu aliyekibuni hakuwa mjinga. Ujinga ni wa aliyekitengeneza: ameweka kapasita ya bei rahisi, ile yenye chanya na hasi, ambayo kwa asili huvuja umeme kidogo, na joto linazidisha uvujaji. Kwenye redio hungeona shida. Lakini mbele yake ukiweka megaomu nzima, uvujaji mdogo kabisa unatosha kuivuta volti chini. Ukaning'iniza kitu hicho kando ya bomba la moshi Dar es Salaam mwezi wa joto, nani amekiunguza sasa, mimi au nyaya zao fupi?

Nikatengeneza changu. Kapasita ya filamu, isiyo na chanya na hasi, rezista mpya, nyaya ndefu za kufika ndani chini ya zulia la abiria, mbali na moto. Vitu vyote havikufika shilingi 3,000, na nusu ya hiyo ni nauli. Taa ikazima, ikakaa kimya mwezi na zaidi. Hapo nilikuwa tayari kuandika kwamba msinunue, tengenezeni, na kiburi changu kilikuwa kimefika dari.

Jirani yangu mzee, aliyeendesha mabasi ya mikoani miaka mingi, akanisimamisha asubuhi moja nikiwasha gari. "Mwanangu, gari yako inatafuna karanga."

Nikasikiliza. Kweli: tk, tk, tk, injini ikiwa baridi, dakika mbili tatu, kisha inaacha. Siku zote nilidhani ni injini imezeeka. Mzee akasema ekzosi inavuja kwenye maungio. Chuma kikipata moto kinatanuka, tundu linapungua na mlio unapotea, lakini halizibi kabisa. Tukapaka povu la sabuni kwenye maungio ya kabla ya sensa ya nyuma, yeye akaziba bomba kwa tambara wakati mimi nimewasha gari ikiwa baridi. Mapovu yakatoka kama chai inayochemka, na pembeni ya gasketi kulikuwa na masizi meusi ambayo mimi, binti wa fundi, nililala chini yake Jumapili nzima bila kuyaona.

Hewa ya nje ilikuwa inanyonywa pale, sensa inaona oksijeni isiyotoka kwenye injini, inacheza, kompyuta inalaumu masega. Gasketi shilingi 8,000. Nikatoa kiboksi changu, nikaunga nyaya kama zilivyokuwa. Taa haijawaka hadi leo. Masega mazima.

Kwa hiyo nimpe nani nyota ngapi? Kiboksi cha dukani nakipa moja, kwa sababu kilizima taa wiki tatu. Hapana, hata hiyo naiondoa: zile wiki tatu zilinifanya nisisikie karanga. Lakini basi changu nacho niseme nini? Changu kilinifichia tatizo kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu nilikitengeneza vizuri zaidi.

Mwenye masega yaliyokufa kweli, asiye na hela ya mapya, simhukumu, ila apime maungio kwa sabuni kwanza, na sensa ya mbele asiiguse.

Juzi nilipita lile duka nikitafuta betri za rimoti. Kijana hakunikumbuka. "Karibu dada, taa ya injini inakusumbua?" Nikamwambia niite mama.