Kliva "mpya" yenye namba 11: uzoefu wangu na mashine ya faiba

Nilikuwa nimeapa siandiki kitu, manake hasira ikiwa bado mbichi mtu huandika maneno ya kuja kujutia, lakini juzi kijana mmoja wa Malindi kanitumia meseji, "kaka ile splaisa yako waionaje, na mimi ninunue?" (splaisa ni ile mashine ya kuunga nyuzi za faiba, ule waya wa kioo unaopitisha intaneti kwa mwanga) nikajikuta namjibu kwa vois nne ndefu ndefu na bado sijamaliza. Basi wacha niandike mara moja hapa, anayetaka asome.

Mambo ya mota ngapi, betri inadumu vipi, skrini inchi ngapi, hayo yameandikwa kwenye boksi sina haja nayo. Jina la mashine sitaji, ni moja ya zile za Kichina za laki na ushee ambazo vijana wengi wa pwani ndizo tunazoanzia, zile za Kijapani za Fujikura twaziona mikononi mwa makontrakta wakubwa tukiwashikia ngazi. Duka nalo silitaji. Liko Mombasa, mwenyewe akisoma atajijua.

Mimi niko Lamu mjini, nafunga intaneti ya faiba majumbani na kwenye gesti. Kabla ya kununua nilikuwa nakodi mashine kwa mzee mmoja Malindi, fundi wa zamani, tumuite Ami tu. Ukikodi Malindi ufanye kazi Lamu, hesabu basi, hesabu vile vizuizi vya Gamba mnashuka na vitambulisho mkononi, ufike Mokowe, upande boti, halafu ukifika, mwenye nyumba anakwambia kesho. Siku ya kukodi ishakwenda bure. Kwa hivyo nilipopata pesa nikanunua yangu, seti nzima kwenye begi gumu: splaisa, kliva ya kukatia uzi, stripa ya kuumenya, kalamu ya taa nyekundu ya kuonyesha mwanga unapovuja, pawa mita ya kupima nguvu ya mwanga, na ile kalamu ya kusafishia kinekta, kile kichwa cha kuchomekea waya, unayobonyeza inalia "tak".

Nianze na uzuri, nisije nikaambiwa nina chuki. Wallahi ile wiki ya kwanza nilikuwa kama bwana harusi. Unaweka nyuzi mbili, unafunga kifuniko, kwenye skrini unaziona zinasogeleana zenyewe, zinasita kidogo kama watu wanaoonana mara ya kwanza, halafu mwanga mweupe pyaa, zimekuwa moja. Uzi wenyewe mikroni 125, kiini kinachopita mwanga mikroni 9 tu, na hii kitu inavipata hivyo viini ikaviunga ukiwa umekaa kwenye ngazi ya msikiti. Na ile kalamu ya kusafishia, hiyo peke yake nitaigombania, manake nusu ya simu ninazopigiwa "intaneti imekufa" ni uchafu kwenye kinekta, vumbi la matumbawe na chumvi, unabonyeza mara mbili taa ya LOS, ile nyekundu ya ruta inayosema mwanga haufiki, inazima na mtu anakuona daktari.

Sasa kazi iliyoniumbua. Gesti moja mtaa wa Langoni, hapa hapa Lamu, nyumba ya zamani ya ghorofa mbili na makuti juu, mwenyewe ni bi mkubwa, mtu wa heshima zake. Kloja, lile boksi zinamoungwa nyuzi za mtaa, iko kwenye nguzo kwenye kona, pale punda wanapogeuzia na mizigo ya mchanga, kutoka pale hadi ndani kwake hata mita 80 hazifiki. Kazi ya saa mbili. Ana mgeni Mwingereza yuko juu anasubiri mkutano wake wa zoom kama anasubiri mtoto kuzaliwa.

Kwenye kloja nikapima, nikapata minasi 19 (minasi ikizidi kukua ndivyo mwanga unavyopungua), safi kabisa. Nikaunga pale, nikavuta waya, nikaunga na ndani. Mashine ikaniandikia hasara ya desibeli 0.02 huku na 0.01 kule. Nikapiga picha nikaweka status kabisa. Halafu nikachomeka pawa mita kwenye ncha ya ndani: minasi 26 na pointi nane.

Kwa wasiojua, viungo viwili vizuri na waya mfupi hivyo havikutakiwa kunila hata desibeli moja, mimi nimeliwa karibu nane, na hizi ruta zetu nyingi ukifika minasi 27 ndio ukingoni. Inashika, inaachia. Inashika, inaachia. Mwingereza anatoka anachungulia, anarudi.

Nikakata, nikaunga tena. Vilevile. Nikakata tena. Na kila ukikata unakula waya, ule mzunguko wa akiba niliouacha kwenye boksi unapungua, unapungua, mpaka nikawa naunga na shavu limebanwa ukutani. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Bi mkubwa kaleta chai, "Ndoo unwe chai mwanangu", mara ya pili kaleta chai na mahamri, mara ya tatu hakuleta kitu akauliza tu, "Mwanangu, yeo tutalala na intaneti au tutalala na wewe hapa darini?"

Magharibi ikaingia, giza giza, nikakumbuka kalamu ya taa nyekundu. Nikaichomeka. Yaani sitasahau. Kiungo kizuri hukaa giza, mwanga unapita zake kwenda mbele, lakini changu mimi kiliwaka chote ndani ya slivu, kile kimrija cha kukikinga, chekundu, kama kaa la mkaa kwenye chetezo. Mwanga wote ulikuwa unamwagika pale. Na mashine bado kwenye skrini inasema 0.02. Hapo ndipo nilipoielewa ile namba, na wewe ielewe kabla hujanunua: splaisa haipimi kitu, inatazama picha ya kamera zake inakisia. Inaweza kukisia huku nyumba nzima haina mtandao.

Nilirudi nyumbani sikula. Mwingereza alifanya mkutano wake kwa data ya simu yangu, na bundle nilinunua mimi.

Asubuhi nikapiga simu dukani. Jamaa wa kaunta, yule yule aliyeniita "bosi wangu" siku ya kulipa, kaniambia niilete. Nikapanda boti, nikapanda basi, Gamba tukashuka na vitambulisho, Mombasa nikafika mgongo umekufa. Nimeweka begi kwenye kaunta, hajafungua hata zipu, kasema "Chumvi hiyo."

Nikamwambia ndugu yangu fungua kwanza uangalie. Akasema, tena kwa sauti watu wasikie, "Nyinyi watu wa visiwani mnafanyia kazi kwenye mashua, mashine inakunywa maji ya bahari halafu mnatuletea sisi." Wenzake wakacheka. Kulikuwa na mteja mwingine, mzee wa makamo, naye akacheka. Mimi mashine yangu naifunga na kanga ya marehemu nyanya yangu nikivuka maji, naishika mapajani kama mtoto mchanga, mtu ananiambia nainywesha maji ya bahari!

Kanibadilishia elektrodi, zile ncha mbili zinazopiga cheche. Kalipisha. Elektrodi za kawaida hupiga maelfu ya cheche kabla hazijachoka, yangu haijafika hata mia tatu, kaunta ya mashine yenyewe inaonyesha, lakini nimechoka, nimetukanwa, nikalipa. Hapo najilaumu. Kajaribu uzi mmoja na kliva yake ya mezani, ikatoka safi, "umeona?" Nimeona. Kliva yake. Mimi sikuiwaza hiyo, nilikuwa nawaza basi la kurudi.

Nikarudi Langoni, upuuzi ule ule.

Sasa lazima nikiri kitu na mnisamehe. Tangu mwanzo mashine ilikuwa inanipigia kelele, kila nikiweka uzi inaandika pembe ya mkato mbaya, digrii tatu, digrii nne, wakati mkato mzuri hata moja haufiki. Mimi nikafanya nini, nikaingia kwenye menyu nikaiongezea kiwango ikubali. Yaani mashine ilikuwa inaniambia kweli nikaiziba mdomo. Kwa hivyo pale juu niliposema inakisia, inakisia ndio, lakini pia nilikuwa nimeiambia ifumbe macho. Nyota nilizotaka kuinyima nazirudisha, karibu zote.

Nikashuka Malindi kwa Ami. Ami hasemi sana. Karudisha kiwango cha pembe kama kilivyokuja, kaangalia mashine, kaiweka pembeni, kasema "Nipe kliva." Kliva kwa asiyeijua ni kile kidude cha kukatia uzi, kwa kweli hakikati, kinaukwaruza tu kwa kisu cha duara halafu kinaupinda, unavunjika wenyewe uso laini kama kioo. Kisu kikiwa butu uzi unavunjika ukiacha mdomo, kama unavyovunja muwa na mikono. Kauweka chini ya ile lenzi ya kuangalizia kinekta, kaniita nione. Ncha imechongoka upande mmoja kama kucha ya paka.

Halafu kageuza kliva kanionyesha kisu chenyewe. Kile kisu kimeandikwa namba kwa kuzunguka, 1 mpaka 16. Kimoja kikichoka unazungusha kidogo unaanza kingine, kila namba inakata nyuzi elfu moja au zaidi. Kliva ikitoka kiwandani iko kwenye namba 1. Ami akaweka kidole pale bila kusema neno.

11.

Mimi nimeinunua mpya. Imefungwa nailoni. Nimefungua mwenyewe kitandani mke wangu ananichukua video. Namba 11!

Ami akasema, "Hii imefanya kazi kuliko wewe." Nikacheka na machozi yananilenga. Kazungusha 12, ina kovu. Kazungusha 13, kakata, kaweka kwenye mashine yangu, mashine iliyotukanwa, yenye elektrodi nilizozilipia bure. Pembe 0.4. Kaunga. Kachomeka kalamu nyekundu, kazima taa ya chumba. Giza tupu pale kwenye kiungo, na mwanga umetokea kule mwisho wa waya ukutani. Nilitaka kuibusu ile mashine.

Hakunitoza. Kaniambia tu niache kusafishia uzi na spiriti ya chemisti ya asilimia 70, nitafute ile ya 99, ile nyingine ina maji na inaacha ukungu, na kuwa nikitoka kwenye chumba cha AC nisifungue mashine hapo hapo nje, kioo kinatoka jasho. Hayo nayo hawakuniambia dukani. Nilipoulizia spiriti siku ya kununua kanipa ile ya 70 tena kwa bei ya marashi.

Nikarudi Mombasa mara ya pili kwa gharama yangu. Nilikuwa nimejipanga maneno njia nzima, kutoka Kilifi mpaka Mtwapa nayarudia kimoyomoyo. Nimefika, nimemuonyesha namba. Akaangalia. Kasema, "Labda umezungusha mwenyewe." Nikamwambia kununua mimi sijamaliza mwezi, nizungushe mara kumi? Akainua mabega. Halafu, na hapa ndipo damu ilinichemka mpaka leo nikiandika vidole vinatetemeka, kasema kwa upole kabisa, "Kama huitaki bosi niachie, nitakununulia," na kataja robo ya pesa niliyolipa. Robo. Kliva yake mwenyewe aliyoniuzia mpya, anataka kuninunulia kama mtumba, ili amuuzie mwingine mpya. Kwa nailoni nyingine.

Nikatoka. Sikusema hata neno moja katika yale niliyojipanga, mnajua ilivyo.

Kwa hivyo yule kijana wa Malindi, jibu langu ndilo hili: splaisa nunua, nzuri, sijutii. Au nunua lakini usinunue seti, kliva itafute peke yake, na kabla hujatoa pesa mwambie afungue nailoni mbele yako, pindua kisu soma namba, akikataa toka. Akikubali pia toka kama ni duka lile. Hapana, basi, mashine yao yenyewe ni nzima, si haki niseme zote mbovu, mimi nimeuziwa kliva tu... lakini yule mtu wa kaunta! Maji ya bahari!

Gesti ya Langoni sasa inasoma minasi 19 na pointi nne ndani. Bi mkubwa kanilipa zote, kaongeza na samaki. Kuna wengine wawili mtaa ule wamenipa kazi kwa sababu yake.

Shida iliyobaki ni moja. Niko namba 13, na 14 nimeiangalia na lenzi haina afya. Zimebaki mbili za maana. Nimeulizia kisu kipya Malindi hakuna, Nairobi nimeambiwa nisubiri mzigo, na Mombasa nimepiga simu maduka manne, wote wamenielekeza mahali pamoja. Nimepiga. Kapokea yeye. Kasema, "Kipo bosi wangu, njoo."