Mbolea ya ruzuku: nilivyoinunua kwa misimu mitatu

Nalima mahindi ekari tatu Mbozi, mkoani Songwe. Msimu wa 2021/22 mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea ulivuka shilingi 120,000, nikaweza kutia mbolea ekari moja tu. Zile mbili nyingine mahindi yalianza kuwa ya njano hata hayajafika magotini. Kwa hiyo ruzuku ilipozinduliwa Mbeya Agosti 2022 na mfuko ukashuka hadi 70,000, niliwahi mapema kwa mtendaji kujiandikisha.

Kununua kwa namba nakusifu. Unaandikisha ekari na zao lako, namba inakuja kwenye simu. Ukifika dukani wakala anaiingiza, anaskani alama iliyo kwenye mfuko, unalipa, unabeba. Sisi tuliopitia vocha za karatasi tunajua tofauti yake: kuna watu walisaini vocha wakapewa elfu kumi mkononi, na mfuko hawakuuona.

Tatizo langu lilikuwa umbali. Msimu wa kwanza wakala wa karibu alikuwa Vwawa. Safari ya kwanza mtandao haukuwepo. Ya pili mzigo ulikuwa umeisha, na kina mama wenzangu wengine walikuwa wamelala pale pale nje na watoto mgongoni. Ya tatu nikapata mifuko miwili. Nauli zote na bodaboda ya kubebea vilinila 24,000, kwa hiyo mfuko wa 70,000 mimi nilikuwa nimeununua kwa 82,000. Na ilikuwa Desemba inakwisha, mahindi yameshaota. DAP ni ya kupandia: kizibo kimoja cha soda kwenye shimo, udongo kidogo juu, ndipo mbegu. Mimi niliichimbia pembeni ya mche, na kwa kweli haikufanya kazi ile ile.

Mfuko wa tatu nilinyimwa. Kwenye mfumo nilisomeka nina ekari moja badala ya tatu, na kurekebisha kulichukua wiki tano. Ndugu mkulima, ukienda kuhuisha taarifa, usiondoke mpaka umesomewa ekari zako kwa sauti. Nenda kabla ya Septemba, foleni ikiwa bado fupi.

Msimu uliopita mbolea ililetwa ghala la ushirika hapa kijijini. Bodaboda 2,000, na DAP niliipata mvua hazijaanza. Ekari iliyokuwa ikinipa gunia nane imenipa kumi na saba, na ada ya mwanangu wa chuo nimeilipa bila kuuza ng'ombe.

Urea tu, ile ya kukuzia, ndiyo bado inatutesa. Mwaka huu ilifika Februari katikati, wakati mahindi yangu yalikuwa yanatoa mbelewele, yale maua ya juu, na muda wa kukuzia umeshapita. Nimeshamwambia mwenyekiti wa kijiji na nitalisema tena kwenye mkutano: ya kukuzia iletwe pamoja na ya kupandia, ikae ghalani itusubiri.