Mikanda ya racheti kwa miti iliyolazwa na dhoruba: uzoefu wangu

Ni ile mikanda ya kufungia mizigo kwenye lori, upana wa sentimita 5, yenye kikazio cha chuma chenye meno. Nimeitumia kwa miparachichi na migrevilea michanga iliyoinamishwa na mvua za masika, hapa Nairobi: Lang'ata kwenye udongo mweusi na Lavington kwenye udongo mwekundu. Naipa nyota nne kati ya tano. Kushika inashika barabara. Tatizo ni wanaoifanya winchi ya kuvutia mti usimame.

Kikazio kina nguvu kuliko mizizi iliyobaki. Mti ukilala, mizizi ya upande mmoja hunyanyuka pamoja na udongo, na udongo ulioporomoka hujaza pengo chini yake. Ukianza kukaza hapo, mizizi haina pa kurudi, kwa hiyo inakatika, na kwa kuwa iko chini husikii kitu. Mti unasimama wima, kisha wiki chache baadaye majani yananyauka na lawama inaangukia mkanda.

Kwanza chimba chini ya mizizi iliyonyanyuka, sentimita 20 hadi 30, ukiiacha mizizi yenyewe. Udongo uwe umelowa. Watu wawili wausukume mti polepole kwa mikono, wa tatu aondoe tu ulegevu wa mkanda. Mti ukigoma, chimba zaidi, usikaze kikazio meno mengine. Rudisha udongo uleule, ukanyage kiasi, mwagilia. Mbolea bado, na pogoa matawi yaliyovunjika pekee.

Mikanda ni mitatu: miwili upande ulio kinyume na ulikoinamia, imepanuka kama V, na mmoja upande wa pili. Shina livishwe tyubu kuukuu ya pikipiki, mkanda upite juu yake, usizidi theluthi mbili za urefu wa mti. Mparachichi uliopandikizwa ufungwe juu ya kiungo, yaani pale aina mbili zilipounganishwa kwenye shina, kamwe si chini yake. Vigingi viingie angalau sentimita 60, vikiegemea mbali na mti. Ukimaliza, legeza kidogo: shina lisipocheza kabisa na upepo halinenepi wala mizizi haipati nguvu.

Udongo mweusi una vituko vyake. Kiangazi kikifika unapasuka na kigingi kinatikisika kama jino bovu, hivyo kagua kila mwezi. Acha mikanda takriban mwaka mmoja, ukiisogeza shina linaponenepa.

Unaponunua, tazama lebo. Ya buluu ni poliesta, ndiyo unayoitaka. Ya kijani ni nailoni, ambayo hurefuka ikilowa, na asubuhi unakuta mti umerudi ulikolala. Mikanda isiyo na lebo ni kubahatisha tu. Nyota moja nimeinyima kwa kutu: kikazio kikikaa nje msimu mmoja wa mvua bila mafuta, hakifunguki ila kwa nyundo. Jua nalo hula nyuzi, kwa hiyo mkanda uliochanika ukingoni utupwe.

Shina likiwa limepasuka chini, au theluthi moja ya mizizi imekatika, usipoteze pesa kwa mikanda. Mgrevilea mkubwa uliokwisha kulala pia haurudi. Huo ni wa fundi wa kukata, akiwa na kibali cha kaunti. Ulioegemea nyaya za umeme usiuguse, piga simu Kenya Power kwanza.