Tuzo ipi ikuongoze ununuapo riwaya: kwa wasomaji wa Kisumu na Nakuru

Kwenye meza ya vitabu vya mtumba mjini Kisumu au Nakuru, majalada mengi yana muhuri wa dhahabu wenye neno "tuzo". Usome muhuri mzima. Chukua Hugo, tuzo ya bunilizi za sayansi na fantasia: "Mshindi wa Hugo" maana yake kitabu hicho chenyewe kilishinda. "Kutoka kwa mshindi wa Hugo" maana yake mwandishi alishinda kwa kitabu kingine, na hiki ulichoshika huenda hakikufika hata fainali. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Kisha jiulize ni nani waliopiga kura. Orodha hii ya tuzo za bunilizi za sayansi, fantasia na upelelezi tumeipanga kwa kuangalia hilo na urahisi wa kukipata kitabu huku kwetu.

1. Nommo. Hutolewa na African Speculative Fiction Society kwa bunilizi za Waafrika: sayansi, fantasia na mengineyo ya aina hiyo. Wanachama wake ndio wanaopendekeza na kupiga kura. Ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 2017, riwaya iliyoshinda ilikuwa *Rosewater* ya Tade Thompson. Uingereza ikaipa riwaya hiyohiyo tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2019, baada ya kuchapishwa huko, kwa kuwa Clarke hushughulikia tu vitabu vilivyochapishwa Uingereza. Aliyeifuata Nommo aliisoma miaka miwili mapema.

Taabu yake ni kwamba vitabu vingi vya Nommo hutoka kwa wachapishaji wadogo, na mezani huvikuti. Mwombe muuzaji akuagizie, nawe umwandikie jina la kitabu, la mwandishi na ISBN, ile namba ya tarakimu 13 inayoanza na 978 au 979. Bila namba hiyo unaweza kuletewa toleo jingine au juzuu ya pili. Kitabu kikitoka Nairobi kwa basi au matatu, ulizia nauli ya mzigo kabla ya kutuma pesa.

Kabla ya kuagiza, tafuta orodha ya hadithi fupi zilizofika fainali ya tuzo hiyo. Nyingi zilitoka kwenye majarida ya mtandaoni na husomwa bure. Ukimpenda mwandishi kwenye kurasa kumi, riwaya yake itakufaa. Akikuchosha, umeokoa bei ya kitabu.

2. Arthur C. Clarke. Imekuwapo tangu 1987 na huamuliwa na jopo dogo la majaji wanaosoma kila kitabu kilichowasilishwa. Itegemee kwa bunilizi ya sayansi ambayo si ya kawaida. Imewahi kunyakuliwa na Lauren Beukes wa Afrika Kusini kwa *Zoo City* (2011) na Namwali Serpell wa Zambia kwa *The Old Drift* (2020). Kila mwaka orodha fupi, yaani ya vitabu vilivyofika fainali, huwa na vitabu sita hivi. Inunue orodha hiyo polepole badala ya kumkimbilia mshindi: majaji hukubaliana juu ya kitabu kimoja kwa kuelewana, na kile utakachokipenda wewe huenda ni kimojawapo cha vile ambavyo havikushinda.

Karibu nayo iweke tuzo ya Ursula K. Le Guin, iliyoanza 2022. Mshindi wake wa kwanza ni wa kwetu: Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, kwa *The House of Rust*. Binti wa Mombasa anaingia baharini kumtafuta babake mvuvi. Kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini msomaji wa Kiswahili atausikia mji kila ukurasa.

3. Nebula na Hugo. Nebula hupigiwa kura na waandishi wenyewe, Hugo na wapenzi wa bunilizi waliolipia uanachama wa Worldcon, kongamano lao la kila mwaka. Vitabu vyake ndivyo rahisi kuvikuta kwenye mtumba. Tahadhari moja: mfululizo. N. K. Jemisin alishinda Hugo ya riwaya 2016, 2017 na 2018 kwa juzuu tatu za hadithi moja. Ukikuta *The Stone Sky* pekee, umeshika mwisho wake. Anza na *The Fifth Season*. Fungua kurasa za mwanzo uone mpangilio wa juzuu kabla ya kuuliza bei.

Kama muda wako ni mfupi, fuata kitengo cha novela: maneno 17,500 hadi 40,000, yaani kitabu cha wikendi moja. *Binti* ya Nnedi Okorafor ilishinda tuzo zote mbili katika kitengo hicho.

4. Edgar na Dagger. Hizi ni za riwaya za upelelezi na uhalifu, Marekani na Uingereza. Edgar ina kitengo cha vitabu vilivyotoka moja kwa moja kwa jalada laini. Anzia hapo, bei huwa nafuu. Kwenye Dagger, ile ya Ian Fleming ni ya visa vya mbio na hatari. Gold Dagger ni riwaya bora ya uhalifu kwa jumla.

Anayetaka Kiswahili aifuate tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Si ya bunilizi za aina hii pekee, na hupokea hata miswada, kwa hiyo kati ya tangazo la mshindi na kitabu kufika dukani panaweza kupita muda mrefu.

Kitabu cha mtumba kikague hivi: kifungue katikati uone kama gundi ya mgongo imepasuka, hesabu namba za kurasa ishirini za mwisho, kisha kinuse. Unyevu wa ziwani huleta ukungu, na ukungu huambukiza rafu nzima. Pia pitia kwanza maktaba ya umma, Kisumu na Nakuru zote zinayo.