Begi la lita 35 kwa wiki ya Sauti za Busara: linafaa, ila angalia zipu

Kwa wiki ya Sauti za Busara, tamasha la muziki pale Mji Mkongwe, Zanzibar, begi la mgongoni la lita 35 linatosha na kusaza. Hili langu ni la kitambaa kizito cha nailoni, kimo sentimita 50, upana 30, kina 22. Halina jina kubwa, ni la Kariakoo. Wenye mabegi ya lita 60 utawakuta vichochoroni Hurumzi wakipita ubavuubavu kama kaa.

Faida yake inaanza botini. Boti ya kasi kutoka Dar huchukua muda wa saa 2 hivi, na mizigo mikubwa huwekwa pamoja. Mkifika Malindi, bandari ya Unguja, mwenye mzigo mkubwa anasubiri ushushwe, huku papasi, wale madalali wa wageni, wamemzunguka, kila mmoja na hoteli yake nzuri. Begi hili unakaa nalo miguuni na kushuka nalo. Toka getini, shika barabara ya Mizingani, bahari iwe kulia kwako. Baada ya dakika 15 hivi umefika Ngome Kongwe, tamasha linakofanyika kila Februari.

Kwenye umati kati ya Forodhani na mlango wa Ngome, begi ligeuzie kifuani. Legeza mikanda ya mabegani lishuke chini ya kidevu, lakini lisishuke mpaka likakuzibia miguu, maana njia zina vidaraja na mawe yaliyonyanyuka. Likizidi kilo 7 kiuno kitakudai usiku. Nguo za kubadilisha ziache gesti. Hata ukifika asubuhi kabla chumba hakijawa tayari, mapokezi wengi hukubali kukutunzia mzigo, ila uliza kabla ya kulipia.

Kero ambayo wengi hawaitarajii ni ncha za mikanda. Kila mkanda una ziada ya sentimita 20 hivi inayoning'inia. Vespa inapiga honi nyuma, unajibana kwenye mlango wenye misumari ya shaba iliyochomoza, na wakati huohuo baiskeli inapita mbele: ncha inanasa kwenye usukani, unavutwa nayo. Kunja ncha mara 3 na uifunge kwa mpira. Ukiamua kukata, choma ukingo kwa kiberiti mara moja, la sivyo nailoni itafumuka yote.

Sasa zipu, na hapa ndipo begi linapopoteza nyota moja kwangu. Meno ni ya plastiki, hayana neno. Tatizo ni vile vichwa 2 vya chuma. Chumvi ya upepo wa bahari inavila, mchanga unavisaga, mwisho vinatanuka. Dalili yake: unafunga, halafu meno yanaachana nyuma ya kichwa. Chukua plaizi, bana kichwa kidogo upande wa kushoto, kisha wa kulia, jaribu, bana tena. Ukikibana kwa pupa kitavunjika, na hapo ni fundi tu. Kuzuia ni rahisi zaidi: sugua zipu kwa mswaki mkuukuu na maji matamu, anika kivulini, kisha pitisha mshumaa. Mafuta na grisi hapana, vinakamata mchanga. Vichwa viishie ubavuni, chini ya kwapa, na kikufuli kidogo kiviunganishe. Vikiishia juu katikati, mkono wa mtu wa nyuma unavifikia bila shida.

Mifuko ya pembeni ni ya wavu na ni mifupi. Chupa ya nusu lita inakaa. Ya lita moja na nusu hudondoka ukiinama kuchagua mishikaki. Simu usiiweke humo kabisa.

Februari ni kaskazi, joto halina mzaha, na sponji mbili za mgongoni hazipitishi hewa. Jasho hupenya hadi mfuko wa ndani wa mgongoni, yaani palepale watu wanapoficha pasipoti. Ihamishie mbele, ndani ya kikopo bapa chenye kifuniko. Mifuko laini ya plastiki Zanzibar imepigwa marufuku, usije nayo.

Kuhusu rangi, nunua jeusi. La kijivu linapendeza dukani, lakini bakuli moja la urojo likikumwagikia Forodhani, ile manjano haitoki kwa sabuni ya kipande wala ya unga.