Programu ya kuandika kwa sauti: nyota moja, na hiyo moja kwa shingo upande

Mimi naongea kama ninayefukuzwa. Programu hii ilinifuata neno kwa neno wiki nzima, nikaisifia kwa kila niliyekutana naye. Nikaisifia hadi kwa mama yangu. Hapo ndipo nilipojitia aibu.

Mama huongea kwa vituo. Maneno matatu, anavuta pumzi, kisha linakuja la nne, na hilo la nne ndilo lenye habari. Siku hiyo alitaka kumwandikia mjukuu wake ujumbe. "Mwambie yule mtu..." Akatua. Ting! Maikrofoni imejifunga, kwenye skrini pameandikwa "Mwambie yule tu". Akarudia. Ting! Mara ya tano ikamjibu: "Samahani, tafadhali ongea kwa ufasaha."

Ufasaha! Anaambiwa nani? Mwanamke asiyemeza hata irabu moja, ambaye "mtu" kwake ni silabi mbili kamili, na ile m ya mwanzo anaibebesha mkazo wake wote kama inavyostahili. Mimi ninayeirukia m hiyo kama dimbwi ndiye ninayesikika!

Mama akaniangalia. "Huyu mwenzio anawahi wapi?"

Najua watakavyojitetea. Watu wakipokezana mazungumzo, ukimya kati yao kwa wastani ni kama milisekunde 200 tu. Sawa. Lakini huo ni wa mmoja kumpisha mwingine. Mtu anayetafuta neno lake mwenyewe hajampisha yeyote, bado zamu ni yake! Na mwenye kigugumizi je, ambaye neno liko mdomoni ila linagoma kutoka? Nimepekua mipangilio yote. Rangi za skrini zipo, milio ya kengele ipo tele, ila pa kuiambia "subiri kidogo" hapapo. Nyota moja.

Sifuri ingekuwepo ningetoa sifuri. Ingawa, nisiwe mnafiki, maneno haya yote nimeyasema humo humo, na imekosea mara mbili tu.

Halafu juzi mama alikuwa ananisimulia jambo. Akatua katikati, nami nikamdakia nikamalizia sentensi. Si alichotaka kusema hata kidogo. Akanitazama, akanyamaza vya kutosha, kisha akasema: "Ting!"

Haya, nyota mbili.